Gari la Zamani: Uongo Unaoanzia Kwenye Injini

Ukitaka kufufua gari la zamani, utaambiwa mengi. "Kazi kubwa ni injini." Sivyo. Injini ya Peugeot 504 fundi yeyote mzee wa Grogan, mtaa wa magereji Nairobi, anaifungua huku akipiga soga. Gari hilo liliunganishwa papa hapa Kenya hadi mwaka 2004, kwa hiyo spea hazijapotea na ujuzi upo. Kinachomaliza pesa ni bodi. Langu nililinunua likimetameta. Nilipofika nyumbani nikazungushia sumaku kitambaa, nikaipitisha ubavuni: mlangoni ikanata, karibu na gurudumu la nyuma ikadondoka. Palikuwa na fila, ile lipu ya kuzibia bodi, ya unene wa kidole, na nyuma yake kutu imekula bati hadi ningeweza kuona sakafu ya gereji. Hapo hakuna ujanja. Unakata bati bovu, unachomelea jipya, ndipo unagusa rangi. Ukiipaka juu ya kutu, mvua za masika zitaiumua kama malengelenge.

(Sumaku hiyo ningeitoa mfukoni kabla ya kulipa. Namba ya chesisi nayo uilinganishe na logibuku (hati ya usajili wa gari) siku hiyohiyo.)

"Lifungue lote kwanza, uone kazi." Ushauri huu ndio unaojaza mifupa ya magari nyuma ya gereji za Kariobangi. Kufungua ni raha ya wikendi moja. Kurudisha, baada ya miezi minane, nilibaki na boliti 17 nisizojua zilitoka wapi. Siku hizi kila sehemu ina mkebe wake wenye jina, na picha kwenye simu. Nafungua moja, naimaliza, nahamia nyingine, nikianza na breki.

"Petroli ya sasa itaiua injini." Hapa pana chembe ya ukweli. Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya kufikia 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikikinga viti vya valvu, pale valvu zinapokaa zikifunga. Morris Minor, yenye silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya chuma, viti vyake vinaweza kulika, hasa ikikimbizwa safari ndefu. Siku hedi ikifunguliwa, fundi aweke viti vigumu. Hedi ya 504 ni ya aluminiamu yenye viti vya kupachika, wasiwasi ni mdogo.

"Utauza kwa faida." Labda wewe. Daftari langu la gharama liko kwenye buti, chini ya tairi la akiba, na mke wangu bado hajaliuliza.