"Fundi, Ardhi Hii Haichimbiki": Dhana Zinazomaliza Kuku wa Mteremkoni

Mimi hujenga mabanda ya kuku, na nikisikia tena maneno haya najua Januari nitapigiwa simu: "Fundi, ardhi hii ngumu, haichimbiki. Wewe shusha waya ufike chini, basi."

Huwa wanayasema mwezi wa nane. Na mwezi wa nane ni kweli kabisa, sululu inadunda na kokoto zinatoa cheche. Lakini mvua zetu za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ingawa kwa mwaka ni milimita 500 hadi 600 hivi, zinashuka kwa kishindo juu ya udongo uliokauka usioweza kuyanywa maji kwa haraka. Penye mteremko maji hayo yanatafuta njia, na yakikutana na banda yanatokea chini ya uzio wa upande wa bondeni, yakikomba udongo palepale waya ulipoishia. Huu ndio mkoa ulioanzishiwa HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973 kwa sababu ya makorongo ya Kondoa. Tunayajua maji yanavyofanya, ila tukijenga banda tunasahau.

Mama mmoja wa Ntyuka alinikatalia kazi ya chini, akasema namwongezea gharama. Mvua ya pili tu, akaniita alfajiri. Upande wa bondeni nilikuta mwanya unaopitisha ngumi yangu, manyoya yamenasa kwenye ncha ya waya, na matetea 9 wamelala ndani, wengi wameng'atwa shingo tu, hawakuliwa. Kicheche hakuchimba hata kidogo. Mvua ndiyo iliyomchimbia.

Kwa hiyo mimi naanza na maji, waya baadaye. Chimba mfereji upande wa juu, hatua mbili tatu kutoka bandani, ukatize mteremko na kuyatoa maji pembeni. Nguzo zisimame wima kwa timazi, zisilale na mlima, na uzio ushuke kwa ngazi. Ukivuta kamba ya levo moja toka juu hadi chini, lazima mwanya ubaki. Upande wa bondeni jenga msingi mfupi wa mawe na saruji, uache matundu ya kutolea maji, uyazibe kwa kofi trei, yaani wavu mgumu wa chuma unaopitisha maji. Kisha laza waya chini kuelekea nje, futi mbili, uushikize kwenye uzio na kuugandamiza kwa mawe. Mnyama huchimba pale uzio unapokutana na ardhi. Akigusa waya anahangaika hapohapo, hana wazo la kurudi nyuma futi mbili aanze upya. Wateja wengi hukata hapa ili kupunguza bei. Afadhali ukate rangi, ukate hata ukubwa wa banda.

"Waya wa kuku unatosha." Ule wa matundu ya pembe sita unamzuia kuku asitoke. Mbwa akiamua anauchana. Kuanzia chini hadi usawa wa kiuno weka waya mgumu wa tundu la nusu inchi. Ule mwingine upeleke juu.

"Wanakuja usiku tu." Kicheche na kanu, sawa. Nguchiro wengi ni wezi wa saa nne asubuhi, na mwewe naye hangoji giza. Vifaranga wafunikiwe juu mchana kutwa.

"Oili chafu inafukuza nyoka." Haifukuzi. Nyoka anafuata panya, panya anafuata pumba uliyomwaga. Fagia jioni.

"Tusawazishe kwanza kiwanja chote." Udongo wa kujazia upande wa chini ndio wa kwanza kuondoka na mvua. Sawazisha pale tu kuku wanapolala. Kutwa nzima kuku anaparua kwenye mteremko bila shida yoyote.

Na mlango. Wengi wanautaka upande wa bondeni kwa sababu nyumba iko huko, yaani palepale maji yanapotokea. Mimi nauweka ubavuni, juu ya kizingiti cha zege. Nikishaufunga napitisha kidole chini yake. Kikipita, naung'oa naufunga upya mbele ya mteja.