Reli ya Mjini: Juu ya Nguzo au Ndani ya Handaki?

Mji unapopangiwa reli, wakazi huuliza mapema kwa nini isipitishwe chini ya ardhi, ambako haionekani wala haisikiki. Ni swali la haki, na jibu lake huanzia kwenye gharama, kwa kuwa kilomita moja ya njia ya handakini kwa kawaida hugharimu mara mbili au zaidi ya kilomita moja ya njia ya juu ya nguzo. Wengi hudhani fedha hizo huishia kwenye mashine ya kuchimbia, ilhali sehemu kubwa humezwa na vituo. Kituo cha chini ni shimo refu ambalo sharti lizuiliwe maji, lipitishiwe hewa kwa feni, liwekewe pampu, lifti, ngazi za umeme na njia za kuwatoa watu moto unapozuka. Kabla ya hapo, mabomba na nyaya zilizozikwa huhamishwa, na majengo ya jirani hupimwa mara kwa mara kuona kama ardhi inatitia.

Reli ya juu hujengwa haraka zaidi, lakini huwaachia wakazi kelele na kivuli. New York ilijaa reli za juu za chuma katika karne ya 19. Baada ya njia ya chini kufunguliwa mwaka 1904, nyingi za Manhattan, kitovu cha mji huo, zilibomolewa hatua kwa hatua, na ile ya barabara ya Third Avenue ikafungwa mwaka 1955. Chicago, iliyoanza kuwa na reli za juu mwaka 1892, ingali inazitumia. Hata hivyo, si sawa kuhukumu ujenzi wa leo kwa vyuma vile vya zamani, kwani daraja la zege, reli zilizochomelewa zikawa kipande kimoja, na kuta za kuzuia sauti hupunguza kelele kwa kiasi kikubwa.

Kwa maoni yangu, upana wa barabara ndio unaopaswa kuamua. Paris hupitisha sehemu za njia yake ya 2 na ya 6 juu ya barabara pana, na kwingineko treni hizo hizo hurudi chini. Delhi, iliyofungua njia yake ya kwanza mwaka 2002, ilichimba handaki chini ya mji wa kale wenye vichochoro, ikatumia nguzo palipo na nafasi.

Mchanganyiko huo una sehemu moja ngumu ambayo wakazi huonyeshwa mara chache, nayo ni pale treni inapotoka ardhini. Kwa mteremko wa asilimia 4, kushuka mita 25 kutoka darajani hadi handakini kunahitaji mita 625 za urefu, na katika kipande chake kilicho karibu na usawa wa ardhi reli hukata barabara zote za kuvuka. Ramani ya mradi inapobandikwa, mkazi atafute kwanza mahali hapo, kisha aulize ni njia zipi zitafungwa na wapi patajengwa kivuko cha waenda kwa miguu.