142857 sio namba ya uchawi jamani

Hii namba 142857 imezunguka miaka mingi sana, watu wanasema ina nguvu za siri, wengine mpaka wanaitaja na mapiramidi. Na ukweli ukiijaribu inashtua, maana ukizidisha mara 2 unapata 285714, mara 3 ni 428571, mara 6 ni 857142, tarakimu zilezile zinazunguka tu kwa mpangilio uleule. Ila ukifika mara 7 inatoka 999999, na hapo ndo siri yote ilipojificha.

Chukua 1 ugawanye kwa 7, utapata 0.142857142857 haiishi. Ukiigawanya kwa mkono mabaki yanakuja 3, 2, 6, 4, 5, halafu 1 na unaanza upya, yani umepita mabaki yote sita yanayowezekana. Sasa 2/7 ni kuingia kwenye mzunguko huohuo ukianzia pale baki lilipokua 2, ndo maana inaanza 285714, hakuna jini hapo.

Tena haiko peke yake, 1/17 inatoa tarakimu 16 zenye tabia hiyohiyo, 0588235294117647 (hiyo sifuri ya mbele usiitupe, ukiitupa mzunguko unavurugika), na 19 inatoa 18. Lakini 13 inagoma, 1/13 ni 076923 na ukizidisha mara 2 unapata 153846, mzunguko mwingine kabisa.

Na yote haya ni kwa sababu tunahesabu kwa makumi, tungehesabu kwa nane 1/7 ingeandikwa 0.1111 haiishi, moja tupu basi.