Je, wajua kwa nini kitimoto inatoa maji kwenye kikaango badala ya kukaangika?

Hii inawatokea wengi, umetoka kazini jioni, umepitia buchani ukachukua nusu kilo ya steki ya kitimoto, mafuta yamepata moto, unamwaga nyama yote kwa mpigo, inalia chwaaa sekunde chache halafu kimya. Ukichungulia unakuta nyama inaogelea kwenye maji ya kijivu na hujaweka hata tone. Yametoka wapi?

Yametoka kwenye nyama yenyewe. Steki mbichi karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo kwenye ile nusu kilo yako kama gramu 350 hivi ni maji matupu. Joto likiingia nyuzi za nyama zinajikunja na kuyakamua nje. Nyama ikiwa kidogo na kikaango kina moto wa maana, maji yanakuwa mvuke palepale, ila ukijaza yote, tena imetoka kwenye friji, kikaango kinapoa ghafla na maji yanatoka haraka kuliko yanavyokauka. Yakishatuama hapo, joto la nyama haliwezi kuzidi digrii 100 mpaka yaishe yote (Mbeya na Njombe ni chini ya hapo, maana milimani maji yanachemka mapema).

Sasa ile rangi ya kahawia na ile harufu ya kufanya jirani achungulie zinatoka pale protini na sukari kidogo ya kwenye nyama zinapokutana na joto kali, na kasi yake inaanza kama digrii 140. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndo alieleza jambo hili mwaka 1912. Kwahiyo nyama iliyokaa kwenye maji inachemka tu, hata uongeze mafuta.

Wakaangaji wa kitimoto kwenye mabaa wanapita njia nyingine, wanaacha maji yachemke kwenye karai mpaka yakauke, mafuta ya nyama yenyewe yanatoka, kisha nyama inajikaanga humohumo. Tamu sana, ila inataka nyama yenye mafuta na muda. Steki ya haraka ukiifanyia hivyo utapambana nayo na meno.

Kwa chakula cha usiku cha fasta kata vipande vyembamba, kama nusu sentimita, ukikatiza nyuzi, vikaushe kwa tishu, na chumvi nyunyiza dakika ya mwisho kwa sababu ikikaa kidogo inavuta maji juu ya nyama. Kaanga mafungu mawili au matatu, vipande visibanane, halafu acha kuvigusagusa! Kipande kikiwa kimeng'ang'ania chini bado hakijawa tayari, kikishapata rangi kinaachia chenyewe. Ila iive mpaka ndani jamani, pinki hapana, maana nguruwe wanaozurura ovyo wanaweza kuwa na minyoo ya tegu na dawa ya vifuko vya mabuu yake kwenye nyama ni moto, na uzuri wa vipande vyembamba ni kwamba vinaiva upesi.

Ukishatoa nyama, angalia chini ya kikaango, kuna ukoko wa kahawia umeganda. Wengi wanauosha na mimi hapo roho inaniuma kweli, maana ladha yote ya nyama iko pale. Tupia vitunguu viwili vilivyokatwa slaisi. Kitunguu nacho karibu asilimia 90 ni maji, na safari hii maji tunayataka, yanalainisha ule ukoko, unakwangua na mwiko, vitunguu vinabadilika kutoka vyeupe kuwa vya dhahabu huku vimebeba ladha yote ya nyama.

Hapo ndo mboga inaingia, sukuma wiki au chainizi iliyokatwa nyembamba na kukamuliwa maji ya kuoshea, moto juu, dakika mbili tatu tu na usifunike. Majani yana asidi yake, ukifunika inarudi na mvuke, na asidi pamoja na joto zinaondoa magnesiamu kwenye ile rangi ya kijani, mboga inakuwa ya kikakikaki kama sare iliyofuliwa sana. Rudisha nyama, geuza mara moja, zima. Kwa sababu hiyohiyo ndimu usiweke jikoni, kila mtu akamulie kwenye sahani yake, ugali ukiwa tayari mezani.