Mtoto mwenye kipaji cha kupiga udi akianza kutunga: mwalimu aanzie wapi

Hapa Lamu mtoto mwenye kipaji cha muziki hujulikana mapema. Akiusikia wimbo wa harusi mtaani mara moja, jioni anaupiga wote. Wazazi wakimleta kwangu ajifunze kutunga, nawaeleza kwamba sikio lake limeshatangulia. Kalamu ndiyo iliyobaki nyuma, na kazi yangu ni hiyo kalamu.

Siku ya kwanza simtungishi kitu. Nampigia kipande cha mapigo 8 akiimbe. Kisha napiga nota mbili kwa pamoja, naye aimbe ile ya chini peke yake. Hapo wengi walio hodari hukwama. Taarabu imewalea kusikia mahadhi mamoja: udi, fidla na kanuni hupita njia ile ile, kila chombo na mapambo yake. Sikio si bovu, ila halijawahi kuombwa kutenga sauti ya chini.

Kwa hiyo zoezi la mwanzo ni sauti mbili, nota moja juu ya nota moja, bila mapambo. Namwandikia sauti ya chini: re, fa, mi, sol, fa, mi, re. Yeye aandike ya juu. Aanze kwenye nota ya tano au ya nane, ukihesabu kutoka nota ya chini, katikati atumie zaidi umbali wa tatu na wa sita, amalizie kwenye ya nane. Jibu moja zuri ni la, la, do, si bemoli (si iliyoshushwa nusu hatua), re, do diezi (do iliyopandishwa nusu hatua), re. Tazama namna sauti ya juu inavyopanda ya chini inaposhuka, na namna do diezi inavyoivuta re ya mwisho.

Kosa litakalokuja, karibu kwa hakika, ni umbali wa nane au wa tano kufuatana, sauti zote mbili zikienda upande mmoja. Ukimwambia tu kwamba imekatazwa, ataona unaipinga taarabu aliyokulia. Mwonyeshe sababu: sauti mbili zikienda hivyo, sikio huzimeza zikawa moja. Katika taarabu umoja huo unatafutwa, na ni mzuri. Katika zoezi hili tunatafuta sauti mbili zilizo hai. Mtoto akielewa kwamba ni makusudio mawili tofauti, hataona aibu kwa lolote kati yake.

Jambo la pili ni maqamu, yaani mpangilio wa nota ambao wimbo huufuata. Usianze na Rasti wala Bayati. Rasti ya do ina mi na si zilizoshushwa nusu ya bemoli, na Bayati ya re ina mi ya namna hiyo. Ukiiwekea nota hiyo sauti ya pili kwa sheria za muziki wa Ulaya, umbali wa tatu hauwi mkubwa wala mdogo, na kinanda hakina nota hiyo. Mtoto mwenye sikio kali husikia kasoro na kudhani ni yeye aliyekosea. Anza na Nahawandi, kama kwenye mfano wangu. Rasti na Bayati zibaki kwenye utunzi wa sauti moja, na huko mwache azame.

Kusahihisha ndiko walimu wengi tunakoharibu. Mtunzi Joseph Haydn alipomfundisha Beethoven, naye mtunzi, mjini Vienna kuanzia mwisho wa 1792, alifuata njia ya Fux, ambaye kitabu chake cha kufundisha kuunganisha sauti kilitoka 1725. Mazoezi zaidi ya 200 yamehifadhiwa, na yaliyosahihishwa ni machache tu. Ninalichukua kama onyo. Mtoto mwepesi huandika mazoezi 10 kwa siku. Mpe mawili kwa wiki, lakini usome kila nota. Weka alama palipo na kosa, usiandike jibu. Ukimwandikia jibu, baada ya miezi atakuwa anatunga kwa mkono wako, na watu watamsifu kwa kazi isiyo yake.

Kisha apigiwe alichoandika. Mwalimu Carl Friedrich Zelter alianza kumfundisha mtunzi Felix Mendelssohn, akiwa bado mtoto, mjini Berlin mwaka 1819, na kati ya 1821 na 1823 kijana huyo aliandika simfonia 12 za vyombo vya nyuzi, nyingine zikipigwa nyumbani kwao siku za Jumapili. Sisi udi mbili na fidla moja zinatosha. Nota isiyofikika kwa vidole vya mpigaji itamfundisha mtoto zaidi ya maelezo yangu.

Kuhusu muda: dakika 40, siku isiyo na shule wala chuo cha Kurani, dakani (barazani mlangoni), mzazi akiwa karibu. Mkono mdogo upumzike kila baada ya dakika 20. Kifundo kikianza kuuma, acha kupiga siku hiyo, mfanye aandike. Mialiko ya harusi na sherehe ipunguzwe, kwa kuwa ukumbi hutaka kipande kile kile kilichoshangiliwa juzi, na mtoto huacha kujaribu kipya.

Akifika mahali anauliza kuhusu sauti nne, na wewe umezoea mbili, mtafutie mwalimu mwingine. Haydn alipoondoka kwenda London mwanzoni mwa 1794, Beethoven aliendelea kwa mwalimu mwingine, Albrechtsberger. Mpe daftari lake zima aende nalo, pamoja na kurasa zenye makosa, ili mwalimu mpya aone alipopita.