Pedi inayosoma mwili na kidole chenye piko

Idd pili mpwa wangu alinijia nyumbani Wete na nguo zake mpya, mikono imepakwa hina mpaka karibu na viwiko, ncha za vidole zimekozwa piko jeusi. Nilikuwa nimemuahidi atajaribu gemu ninayoitengeneza. Ni gemu ndogo: ngalawa iko baharini, bahari imechafuka, na mchezaji hana kitufe hata kimoja cha kubonyeza. Anaweka kidole juu ya kihisi, na kadiri mapigo ya moyo wake yanavyotulia ndivyo mawimbi yanavyolala. Akaweka kidole. Mstari kwenye kioo haukuinuka. Akaweka cha pili, cha tatu, akabadilisha mkono.

"Mjomba, mbona hainisomi?"

Kazi yangu ni ufundi wa vifaa tiba. Vile vibanio vinavyobanwa kidoleni kupima oksijeni vimepita mikononi mwangu kwa miaka, kwa hiyo sababu niliijua palepale. Lakini swali lake ndilo lililonikalisha kuandika, kwani vijana wanaoniuliza pedi, yaani vile vidude vya mkononi vya kuchezea gemu, zikiwa za kuhisi mwendo na mwili zitabadilisha vipi gemu huwa wanauliza zitafanya nini. Mimi naona la kwanza kuuliza ni zitamsoma nani.

Nianze na mwendo. Kampuni ya Nintendo ilipotoa Wii, mashine yake ya gemu, mwishoni mwa 2006, rimoti yake ilikuwa na akselerometa, kidude kinachohisi mtikisiko na mvuto wa ardhi. Mfikirie mcheza kirumbizi, ule mchezo wetu wa fimbo. Akipiga fimbo, akselerometa inajua pigo limetoka na nguvu yake, lakini haijui vizuri kiganja kimegeuka vipi, na kwenye kirumbizi kule kugeuza kiganja ndiko kunakotenganisha kupiga na kukinga. Ndiyo maana mwaka 2009 kikaongezwa kipande chenye jairoskopu, kinachopima mzunguko.

Hata vikiwa pamoja, vihisi hivi viwili hukisia. Ni kama nahodha anayevuka usiku kutoka Pemba kwenda Unguja. Anajua mwendo wa chombo na anajua omo imeelekea wapi, ila mkondo unamsukuma kidogo kidogo, na kosa la saa ya kwanza linabebwa na saa ya pili. Mpaka auone mnara wa taa wa Nungwi ndipo anapojua hasa yuko wapi. Kwenye Wii mnara huo ulikuwa ule ufito wa kuweka kwenye televisheni, wenye taa za infraredi zisizoonekana kwa macho. Kamera iliyo mbele ya rimoti ilikuwa ikizitafuta. Mishumaa miwili iliyowekwa mbalimbali inaweza kufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu nayo hutoa infraredi.

Kisha Novemba 2010 Microsoft ikaleta Kinect, kamera inayomtazama mchezaji mwenyewe, ikaondoa pedi kabisa. Ile ya kwanza ilimwaga chumbani maelfu ya nukta za infraredi, ikatazama zinavyoangukia mwilini, ikakadiria viungo 20 vya mchezaji. Niliwahi kuazimwa moja. Mtoto wa kaka yangu alitoka msikitini Ijumaa, akasimama mbele yake na kanzu yake, akaanza kurusha mateke. Mikono ilifuatwa vizuri. Miguu ikawa kama nguzo moja, maana mashine ilikuwa ikitafuta magoti na yenyewe inaona kitambaa tu. Baada ya alasiri jua likaingia dirishani, na kwa kuwa jua lina infraredi nyingi kuliko kifaa chochote, hata mikono ikapotea. Tulipoangika kanga dirishani na yeye akabadilisha nguo, ikamsoma. Kifaa hakikuwa kibovu. Kilitengenezewa chumba kingine na mavazi mengine.

Sasa moyo. Kihisi cha mapigo humulika ngozi na kupima mwanga unaorudi. Kila moyo ukipiga, damu huongezeka kidogo kidoleni na kunyonya mwanga zaidi, kwa hiyo unaorudi hupungua. Tofauti hiyo ni ndogo mno, mara nyingi kama asilimia 1 au 2 ya mwanga wote, na mashine lazima iidake. Taa ya kijani, inayopendwa kwenye saa za mkononi, hunyonywa sana na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi yetu. Infraredi hupita kwa urahisi zaidi. Juu ya hapo weka tabaka la piko, na yule mpwa wangu anakuwa kama hayupo.

Hili si la gemu tu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipima oksijeni vya hospitali vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya vilivyoshindwa kwa weupe. Kama mashine ya wodini inateleza hivyo, pedi ya kuchezea itapimwa na nani?

Wapo waliojiuliza. Mwaka 2009 rais wa Nintendo, Satoru Iwata, alitangaza kifaa cha kubana kidoleni kusoma mapigo ya moyo. Hakikuuzwa kamwe, na mwaka 2013 akaeleza sababu: hakikuwa kikimsoma kila mtu, na kifaa kinachofaulu kwa watu 90 kati ya 100 hakikumtosha. Namheshimu kwa uamuzi ule. Wengi wangekiuza na kuwaachia wale kumi wadhani kasoro ni yao.

Tukishavuka hapo, faida ipo, tena kubwa. Mwaka 2011 Mike Ambinder, mwanasaikolojia wa kampuni ya Valve, alieleza majaribio waliyofanya na jasho la ngozi: mchezaji anapewa muda wa kuua maadui, na akipandwa na wasiwasi saa inakimbia zaidi. Hapo kujituliza kunakuwa ustadi, kama kulenga shabaha. Kwa mtu aliyewahi kusimama kiwanjani kwenye mchezo wa ng'ombe na akajilazimisha asikimbie, hilo halihitaji maelezo.

Tatizo ni kwamba moyo hausemi kwa nini unakwenda mbio. Ukiruka ruka dakika mbili unapanda, ukitishwa unapanda. Gemu yenye kihisi cha moyo peke yake itakuona umeogopa kumbe umechoka. Ukiweka akselerometa mkononi, programu inaweza kujua ni kiasi gani cha mapigo kinatokana na mwendo, na kinachobaki ndicho inachoweza kukihesabu kuwa hofu. Nadhani mabadiliko yenyewe yako hapa, kwenye kuunganisha mwendo na mwili. Kimoja bila ya kingine ni nusu ya habari. Jasho nalo huchelewa sekunde moja hadi tatu baada ya mshtuko, kwa hiyo haliwezi kuwa kitufe cha kufyatulia. Linafaa kupanga kasi ya mchezo, giza lake, hata wingi wa maadui.

Kuna njia nyengine isiyotegemea mwanga. Kampuni ya Meta, wakati huo ikiitwa Facebook, iliinunua kampuni ya CTRL-labs mwaka 2019, na mwaka 2025 ikaanza kuuza bangili inayosoma umeme wa misuli kwenye kifundo cha mkono, pamoja na miwani yake. Unasogeza kidole kidogo tu, bangili inaelewa. Programu yake ilifundishwa kwa mikono ya maelfu ya watu, ili imuelewe hata mtu ambaye haijawahi kumuona. Rangi ya ngozi na piko havizuii umeme wa misuli kama vinavyozuia mwanga. Ningependa sana kuijaribu kwenye kirumbizi.

Kwa mpwa wangu dawa ilikuwa nyepesi. Mwaka 1998, Japani, gemu moja ya Tetris ya Nintendo 64 iliuzwa na kibanio cha mapigo cha kubana sikioni. Nami nikaiga: nikakikata kihisi changu, nikakiunganisha na kibanio, akavua kipuli, nikambana kwenye ndewe. Mstari ukainuka mara moja, safi. Alikaa kimya, akavuta pumzi polepole, mawimbi yakaanza kulala, na akashusha mabega bila ya kuambiwa.

Atakayefuata ni mama yangu mdogo, mkulima wa mwani. Akitoka pwani baada ya saa tatu majini vidole vyake huwa vimekunjamana, na kukunjamana huko hutokea kwa sababu mishipa ya damu imejibana, kwa hiyo hata kihisi cha infraredi hupata damu kidogo ya kuhesabu. Nataka kumpima papo hapo ufukweni, kidoleni na sikioni, kabla mikono haijakauka. Kihisi cha jasho nimekiweka pembeni mpaka kaskazi, nione kitafanya nini wakati viganja vya kila mtu vimelowa tokea asubuhi.