Asiyekutazama machoni huenda anakusikiliza

“Nitazame ninapozungumza nawe!” Wengi tumekua na kauli hiyo darasani, na imani iliyo nyuma yake ni kongwe: mwanafunzi asiyemtazama mwalimu machoni hasikilizi, au hana adabu. Kwa mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake), mara nyingi sivyo.

Kwa wengi wao, kutazama macho ya mtu ni kazi nzito. Uso unacheka, unakunja ndita, unabadilika kila sekunde. Kuufuatilia huku ukichambua maneno kunachosha, na wapo wanaosema kunawaumiza. Basi mtoto huchagua. Anatazama sakafu, anazungushazungusha kifutio vidoleni, na ukimuuliza hesabu uliyoieleza sasa hivi, anakupa jibu.

Ndiyo maana mwalimu wa elimu maalumu katika shule ya msingi ya kawaida hamlazimishi kuinua macho. Humwita kwanza kwa jina, hutoa agizo moja fupi, kisha hunyamaza (hapo ndipo wengi wetu hushindwa) mpaka agizo limwingie. Juu ya dawati kuna ratiba ya picha: kusoma, kuchora, mapumziko. Kipindi kikiisha, mtoto hubandua picha yake na kuitia kwenye bahasha.

Ukitaka kujua kama amesikia, muulize swali, au mwombe akuonyeshe daftarini. Asiyezungumza ataonyesha kwa kidole au kadi. Na wapo wenye usonji wanaotazama machoni bila shida yoyote, kwa hiyo macho peke yake hayatoshi hata kumtambua mtoto.